Nani Hufumbua Fumbo? Filamu za Kale za Upelelezi za Hollywood na Picha Tunazochorana Sisi Wenyewe

Ukitaka kujua jamii inamwamini nani, tazama filamu zake za upelelezi. Katika filamu za aina hii mtu ameuawa, kila aliyekuwamo nyumbani anashukiwa, na yuko mmoja tu aliyepewa kazi ya kufikiri. Waliobaki wanadanganya, wanaogopa au wanachekesha. Kwa hiyo suala la nani ameonyeshwa na ameonyeshwa vipi lina uzito zaidi hapa kuliko katika filamu za mapenzi au za vita. Mtengenezaji analazimika kuchagua: akili nampa nani, shaka namtupia nani, na nani nimweke pembeni watu wamcheke?

Naandika haya nikiwa Tulia, Ukambani, nilikohamia kutoka Mombasa kwa kazi ya ualimu. (Jina la mahali hapa huwachekesha jamaa zangu wa Pwani. Kila nikiwaambia niko Tulia, wao hudhani nimeamrishwa nitulie.) Jumamosi jioni tunatandika shuka nyeupe ukutani na wanafunzi wa chama cha drama, tukatazama filamu za kale za miaka ya 1930 na 1940. Tunazitazama kwa sababu. Vijana wanaandika filamu yao fupi ya upelelezi kwa ajili ya tamasha la kitaifa la drama na filamu la shule, na katika rasimu ya kwanza mshukiwa mkuu alikuwa mfanyabiashara wa Pwani mwenye kanzu na majini, mlinzi wa lango alikuwa Mkamba wa kuchekesha, na mpelelezi mwerevu alishuka kutoka Nairobi. Walioandika ni Wakamba watupu. Aliyewasimamia ni mimi, Mpwani.

Basi nimeonelea niwaandikie wasomaji wa Pwani muhtasari wa historia hii, maana inatugusa kuliko tunavyodhani.

Mwongozaji aliyepitia Mombasa

Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilituma kikosi kizima cha sinema Afrika Mashariki. Kilishukia Mombasa, kikapanda bara, kikazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo kupiga filamu ya "Trader Horn". Mwongozaji alikuwa W. S. Van Dyke. Filamu ilitoka mwaka 1931 na ikawa miongoni mwa zilizoteuliwa kushindania Oscar ya filamu bora.

Ndani yake mbeba bunduki wa Horn, aitwaye Rencharo, aliigizwa na Mwafrika kutoka Kenya, Mutia Omoolu. Huku Ukambani jina Mutia si geni. Ukiliita sokoni watageuka wengi. Mutia alipelekwa hadi Marekani kumalizia sehemu za filamu zilizorudiwa kupigwa huko. Mwaka uliofuata Van Dyke alitengeneza "Tarzan the Ape Man", akatumia picha zilizobaki za "Trader Horn", na ule mlima wa kutungwa ambao wazungu wanautafuta katika hadithi ukaitwa Mutia. Jina la Mwafrika likawa jina la jabali. Mwenyewe hakupewa nafasi katika filamu yoyote kubwa baada ya hapo.

Sasa tazama huyo huyo Van Dyke alifanya nini mwaka 1934. Alitengeneza "The Thin Man", kutoka kwa riwaya ya Dashiell Hammett, filamu inayotajwa mpaka leo kuwa mojawapo ya filamu bora za upelelezi za zama zile. William Powell na Myrna Loy ni mke na mume wanaofumbua mauaji jijini New York huku wakinywa na kutaniana. Ni filamu tamu, sikatai. Lakini New York ya mwaka 1934 ilikuwa na Harlem ndani yake, na katika filamu hii karibu kila aliyealikwa kwenye ile karamu ya mwisho, mpelelezi anapomtaja muuaji, ni mzungu. Mtu aliyeishi miezi kadhaa kati ya Waafrika, akiwategemea kwa maji, njia na usalama, aliporudi kutengeneza filamu ya kutumia akili hakuona mahali pa kumweka hata mmoja.

Na Myrna Loy mwenyewe, kabla ya kupewa nafasi ya mke mwerevu wa kizungu, alikuwa akivalishwa sura za watu wa Mashariki. Mwaka 1932, katika "The Mask of Fu Manchu", aliigiza binti wa yule Mchina mwovu. Alikuwa mzaliwa wa Montana.

Mchina aliyeigizwa na Mswidi

Mpelelezi asiye mzungu aliyevuma kuliko wote Hollywood ni Charlie Chan. Alibuniwa na mwandishi Earl Derr Biggers katika riwaya ya mwaka 1925, naye anahusishwa na afisa wa kweli wa polisi wa Honolulu aitwaye Chang Apana, mtu mwembamba, mkali, aliyetembea na mjeledi badala ya bastola.

Filamu chache za mwanzo ziliwatumia waigizaji wa Kiasia na zikapita bila kishindo. Kishindo kilikuja mwaka 1931 kampuni ya Fox ilipompa nafasi hiyo Warner Oland, mzaliwa wa Uswidi. Oland alicheza Chan mara kumi na sita hadi mwaka 1937. Alipofariki mwaka 1938, nafasi ilikwenda kwa Sidney Toler, mzungu wa Marekani, aliyeicheza mara ishirini na mbili, kisha kwa Roland Winters, mzungu mwingine, mara sita. Zaidi ya filamu arubaini za mpelelezi wa Kichina, na kwa miaka yote hiyo hakupatikana Mchina hata mmoja wa kuwa Chan.

Mwaka 1931, filamu ya "The Black Camel" ilipopigwa Honolulu, Chang Apana alikutana na Oland, wakapigwa picha pamoja. Mpelelezi halisi yuko palepale, hai, amesimama kando akimtazama Mswidi akimwigiza.

Haki itendeke lakini. Chan hakuwa mwovu kama Fu Manchu, ambaye Oland huyo huyo alikuwa amemwigiza mwaka 1929. Alikuwa mwerevu, mpole, baba wa watoto wengi, na mwishowe wazungu wote chumbani walinyamaza wakamsikiliza. Oland alipotembelea China mwaka 1936 alipokewa vizuri, maana watazamaji wa kule walichoka kuona Wachina wabaya tu. Kwa hiyo usishangae kuwakuta Wamarekani wenye asili ya China wakibishana mpaka leo: wako wanaomkumbuka kwa mapenzi, na wako wanaoona Kiingereza chake cha kuvunjika na methali zake za kila dakika ni matusi yaliyopakwa asali.

Mtindo huo haukuishia kwa Chan. Peter Lorre, mzaliwa wa Austria-Hungaria, alicheza mpelelezi wa Kijapani, Mr. Moto, katika filamu nane kati ya 1937 na 1939. Boris Karloff, Mwingereza aliyejulikana kwa zimwi la Frankenstein, alicheza mpelelezi wa Kichina, Mr. Wong, mara tano.

Kwa nini ilikuwa hivyo?

Ubaguzi wa kawaida ulikuwapo, hilo halina mjadala. Lakini palikuwa pia na sheria ya ndani ya tasnia. Makampuni ya Hollywood yalijiwekea kanuni ya maadili mwaka 1930, na kuanzia mwaka 1934 ikasimamiwa kwa ukali chini ya Joseph Breen. Miongoni mwa yaliyokatazwa ni kuonyesha mapenzi kati ya mweupe na mweusi. Waliokuwa wakichagua waigizaji waliipanua hofu hiyo hadi kwa Waasia.

Matokeo yake yalikuwa mduara usiotoka. Mwigizaji asiye mzungu hawezi kuwa mpenzi wa mhusika mkuu mzungu, na kwa hiyo hawezi kuwa mhusika mkuu. Akikosa kuwa mhusika mkuu hapati jina. Na akikosa jina, kampuni inasema haiwezi kumpa filamu kwa sababu hana jina. Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles na nyota wa Kichina aliyejulikana kuliko wote Marekani, alikosa nafasi kuu ya mwanamke wa Kichina katika "The Good Earth" ya mwaka 1937. Nafasi hiyo alipewa Luise Rainer, mzungu, naye akashinda Oscar kwayo.

Weusi: woga na kicheko

Kama Waasia waliigizwa na wengine, weusi waliruhusiwa kujiigiza, ila kwa sharti: wawe watumishi, madereva, wabeba mizigo, na waogope. Katika "Charlie Chan in Egypt" ya mwaka 1935 yumo Stepin Fetchit, akiburuta miguu na maneno. Humo humo msichana mtumishi wa Kimisri anaigizwa na Rita Cansino, Mmarekani wa asili ya Kihispania, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Rita Hayworth.

Kuanzia mwaka 1944, filamu za Chan zilipohamia kampuni ndogo ya Monogram, aliongezwa dereva mweusi aitwaye Birmingham Brown, akiigizwa na Mantan Moreland. Kazi yake ni kukodoa macho, kutetemeka akisikia mlango ukilia, na kukimbia. Wanafunzi wangu walicheka sana. Kisha msichana mmoja wa kidato cha tatu akauliza: "Mwalimu, huyu dereva ndiye aliyekuwa nje usiku kucha. Mbona hakuna anayemuuliza ameona nini?"

Sijasoma uhakiki uliolisema jambo hili kwa ufupi kuliko yeye. Mtumishi ndiye anayejua nani aliingia, nani alitoka, chai ya nani haikunywewa. Mpelelezi mwenye akili angeanza kwake. Filamu hizi hazikuanza kwake kwa sababu zilikwisha amua kwamba macho yake ni ya kuchekesha, si ya kuonea.

Tusiwadharau waigizaji lakini. Moreland alikuwa fundi wa kweli wa vichekesho, na ukimtazama vizuri utaona mara nyingi yeye ndiye mtu pekee mwenye busara: nyumba ina maiti, twendeni zetu! Walikula kwa kazi waliyopewa, na milango mingine ilikuwa imefungwa.

Waliojifungulia mlango

Wako waliokataa kungoja. Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi, alitengeneza filamu zake mwenyewe na kuzizungusha kwenye kumbi za weusi. Mwaka 1935 alitoa "Murder in Harlem", akirudia kisa alichokwisha kukifanyia filamu mwaka 1921, "The Gunsaulus Mystery". Chanzo chake ni kesi ya kweli ya Atlanta ya mwaka 1913. Mlinzi wa usiku, mtu mweusi, anakuta maiti ya mwanamke mzungu kiwandani. Yeye aliyetoa taarifa ndiye anayekamatwa. Wakili wake ni mweusi, na ukweli unatafutwa na weusi. Sauti ya filamu ni duni na mapambo ni ya bei rahisi, lakini mlinzi wa lango anaulizwa ameona nini. Tulipoimaliza, darasa lilikaa kimya kuliko siku zote.

Mwaka 1937 Anna May Wong alipata "Daughter of Shanghai", ambamo anawasaka waliomuua baba yake akisaidiana na afisa wa serikali aliyeigizwa na Philip Ahn, Mmarekani mwenye asili ya Korea. Waasia wawili, wote mashujaa, na mwishoni wanachumbiana. Mwaka 1951 alikuwa na kipindi chake cha televisheni, "The Gallery of Madame Liu-Tsong", akicheza mfanyabiashara wa sanaa anayefumbua uhalifu. Kilikuwa kipindi cha kwanza cha Marekani kuwa na mhusika mkuu mwenye asili ya Asia. Hakuna hata sehemu moja yake iliyohifadhiwa.

Na mwaka 1940 Keye Luke, aliyezaliwa Guangzhou na aliyezoeleka kama mtoto mkubwa wa Charlie Chan, alipewa nafasi ya Mr. Wong katika "Phantom of Chinatown" baada ya Karloff kuondoka. Hatimaye mpelelezi wa Kichina akaigizwa na Mchina. Mfululizo ukaishia hapo hapo.

Tibbs

Mlango mkubwa ulifunguka mwaka 1967 kwa "In the Heat of the Night". Sidney Poitier ni Virgil Tibbs, mpelelezi mweusi anayekamatwa katika mji mdogo wa Mississippi kwa sababu tu ni mgeni, ni mweusi, na ana pesa mfukoni. Kisha inabainika kwamba ndiye bingwa wa mauaji, na mji mzima unamhitaji. Tajiri mzungu anapompiga kofi, Tibbs analirudisha papo hapo. Kofi lile lilisikika mbali.

Filamu ilipata Oscar tano, ikiwamo ya filamu bora. Rod Steiger, aliyecheza mkuu wa polisi mzungu, alishinda tuzo ya mwigizaji bora. Poitier hakuteuliwa hata kushindania. Wala haikupigwa Mississippi. Sehemu kubwa ilipigwa mji wa Sparta, jimbo la Illinois, kwa sababu Poitier hakuwa tayari kuhatarisha maisha yake Kusini. Miaka kumi kabla alikuwa amekuja hapa kwetu Kenya kwa filamu ya "Something of Value" ya mwaka 1957, akicheza kijana Mkikuyu Kimani wakati wa Mau Mau.

Na sisi tulikuwa na Bwana Msa

Hapa ndipo Mpwani anapaswa kuinua kichwa. Kabla ya Tibbs kuonekana kwenye pazia lolote, Uswahilini tulikuwa na mpelelezi wetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliandika "Mzimu wa Watu wa Kale", ikashinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Baadaye zikafuata "Kisima cha Giningi", "Duniani Kuna Watu", "Siri ya Sifuri" na nyingine.

Bwana Msa anavuta kiko na ana rafiki, Najum, kwa hiyo kufanana kwake na Sherlock Holmes hakujifichi. Lakini anafikiri kwa Kiswahili, mtaani kwa Waswahili, na wanaomjibu maswali ni watu wa mtaa huo. Zaidi ya hayo, watu wanaposema aliyeua ni mzimu, yeye anatafuta mkono wa mtu. Kijana wa Mombasa aliyetoka kutazama filamu ya kigeni Regal, Naaz au Majestic akaja akafungua kitabu hiki, alikuta jambo ambalo pazia halikumpa: mtu wa kwao ndiye mwenye jibu.

Ajabu ni kwamba leo, miaka zaidi ya sitini baadaye, rasimu ya wanafunzi wa Ukambani inamrudisha Mpwani kwenye majini.

Ubaguzi wa kienyeji

Hawakuokota barabarani. Katika vichekesho vya redio na televisheni vya Kenya tumezoea lafudhi kuwa ndiyo mzaha wenyewe. Mkamba ni askari wa lango au mpishi, na akikasirika ana uchawi. Mpwani ni mvivu, mdomo mtamu, na nyuma yake kuna jini. Kila mmoja anamcheka mwenziwe, na wote wawili wanacheka kwa maneno waliyoandikiwa na wengine.

Sifa ya Mkamba kuwa mlinzi ina historia yake: wakoloni waliwaandikisha Wakamba kwa wingi jeshini na polisi, wakawatangaza kuwa askari wa kuzaliwa. Historia iliyo kongwe zaidi ya hiyo husahauliwa. Karne ya 19 Wakamba ndio waliokuwa wakiongoza misafara ya pembe kushuka Pwani. Kivoi wa Kitui alikuwa mfanyabiashara mwenye jina hadi Rabai na Mombasa. Ndiye aliyempokea Krapf kwake mwaka 1849. Tulijuana kama wenye mali na wenye akili kabla ya kujuana kama mlinzi na mganga.

Nami sitaki kulilaumu kabila la jirani peke yake. Nenda Mombasa usikilize yanayosemwa Mkamba akipita, halafu uniambie kama tuna haki ya kulalamikia kanzu na majini.

Mambo matano ya kujiuliza

Kwa yeyote anayetazama au kuandika filamu ya upelelezi, haya ndiyo maswali tunayoyatumia darasani:

1. Nani anafikiri, na nani anafikiriwa tu?
2. Mtumishi, dereva na mlinzi wanaulizwa walichoona?
3. Anayeigiza mtu wa jamii fulani ametoka wapi, na kama si wa jamii hiyo, kwa nini?
4. Mzaha unakaa wapi: kwenye jambo alilofanya mtu, au kwenye lafudhi na nguo yake?
5. Ukimwondoa mtu huyo katika hadithi, fumbo linabaki vilevile? Likibaki, basi amewekwa kama pambo.

Atakaye kuanza, namshauri azitazame kwa mpangilio huu: "The Thin Man", "Charlie Chan in Egypt", "Murder in Harlem", "Daughter of Shanghai", "Phantom of Chinatown", kisha "In the Heat of the Night". Ataona njia yote kwa jioni sita.

Rasimu ya vijana wa Tulia bado haijakamilika. Sikuwaamrisha wamwondoe Mpwani, maana kumtoa kabisa nako ni kumfuta, kama New York ya mwaka 1934. Wameamua wenyewe kwamba mlinzi wa lango ndiye atakayefumbua fumbo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa macho. Wanachobishania sasa ni lafudhi yake. Nusu wanasema azungumze Kiswahili cha redio ili aheshimike. Nusu wanasema azungumze kama baba zao, na anayetaka kucheka acheke hadi atakapogundua kwamba huyo ndiye mwenye jibu. Mimi niko na hawa wa pili.